Kaliba ipi kwa nyumbu, pundamilia na tandala: .270, .30-06, .300 au .375?

MgeniWaKitalu

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoyajua mambo haya. Ni uwindaji wa kitalii wa siku 10, mwezi Agosti, kitalu cha miombo kusini mwa Tanzania. Kwenye orodha wamo nyumbu, pundamilia, kongoni, swala pala, ngiri, tandala mkubwa na pofu. Nyati hayumo kwa sasa, ila huenda akaongezwa. Bunduki ni moja tu.

Machaguo yamebaki manne: .270 Winchester, .30-06 Springfield, .300 Winchester Magnum na .375 H&H. Ipi inafaa zaidi, na kichwa cha risasi kiwe na uzito gani? Darubini irekebishwe kwa umbali gani? Kuna wanaosema bila magnum (risasi yenye baruti nyingi na kasi kubwa) mnyama wa Afrika haanguki.

KitakoChaMninga

Mkuu, hayo ya magnum achana nayo. Nyumbu na pundamilia ni wagumu kweli, lakini ugumu wao huonekana pale risasi inapopita nyuma ya mapafu. Nyumbu aliyepigwa tumboni kwa .300 atakupeleka kilomita nyingi sawasawa na aliyepigwa tumboni kwa .270.

Anza na uzito wa hao unaowafuata. Swala pala dume ana kilo 50 hadi 75. Nyumbu dume huvuka kilo 200, na tandala mkubwa na pundamilia wako kati ya 200 na 300. Halafu anakuja pofu: dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 700. Pofu ndiye anayeamua hapa. Bila yeye, .270 yenye kichwa imara cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) ingetosha orodha yote. Akiwemo, panda hadi .30-06 yenye greni 180.

Greni 180 ni gramu 11.7. Kwenye .30-06 hutoka mtutuni kwa kama mita 820 kwa sekunde, na nishati ya jouli 3,900 hivi. Namibia, ambako sheria hupima nishati, wanataka jouli 2,700 kwa tandala, choroa, nyumbu, kongoni na pofu, na 1,350 kwa swala wadogo kama springbok. Kwa hiyo risasi hii iliyobuniwa mwaka 1906 inavuka kiwango cha pofu na chenji inabaki.

.300 inaongeza mita 80 hivi kwa sekunde. Faida yake utaiona kuanzia mita 250 kwenda mbele, kwenye mbuga iliyo wazi. Miombo ni pori la miti, na mara nyingi mnyama unampata kati ya mita 70 na 150. Hapo unalipia kasi usiyoihitaji, tena unalipa kwa bega. Kwa bunduki ya kilo 4 pamoja na darubini yake, teke la .30-06 ni kama jouli 27, la .300 kama 37, na la .375 kama 60. Anayeliogopa teke hufumba macho na kukivuta kifyatulio kwa pupa, na hilo hakuna kaliba inayolitibu.

Mimi nasema .30-06, greni 180, irekebishwe ipige katikati kwenye mita 200. Kwenye mita 100 itapiga sentimita 6 hadi 7 juu ya ulipolenga, na kwenye mita 300 itakuwa imeshuka sentimita 25 hadi 28. Mpaka mita 220 hivi unalenga pale pale unapotaka ipige, huna hesabu ya kufanya.

NyayoMbichi

Niko pamoja na Mninga, ila nyati kamruka. Nyati ndiye anayeweza kuvuruga mpango wote.

Tanzania kima cha chini kwa wanyama hatari ni .375. Hata .300 ingekimbia namna gani, haihesabiki. Huwa linaulizwa pia suala la 9.3x62, risasi ya mwaka 1905 ambayo ni nzuri sana kwa pofu, lakini kipenyo chake ni inchi .366, kwa hiyo haifiki. Namibia nao wanataka jouli 5,400 kwa nyati. .375 yenye greni 300 inayotoka kwa mita 770 kwa sekunde ina kama jouli 5,780, wakati 9.3 ya kawaida ya dukani inabaki chini ya hapo.

Kwa hiyo kama nyati ana nafasi hata ndogo na bunduki ni moja, beba .375 na uizoee. Usidhani itamchana swala pala vipande. Kichwa chake ni kizito na hakina haraka, hivyo nyama inayoharibika huwa kidogo kuliko ile inayoharibiwa na .300 kwa karibu. Mpaka mita 250 mshuko wake hauachani sana na ule wa .30-06.

Angalia sana darubini. Kwenye .375 jicho likae angalau sentimita 9 kutoka kwenye kioo, la sivyo ukingo wake unapasua nyusi, hasa unapopiga ukiwa umelala au umepanda kilima. Ukuzaji wa 1.5 hadi 6 unatosha kabisa. Wakati wa kutembea iache kwenye namba ya chini. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kuiacha kwenye namba ya juu kabisa: mnyama anajitokeza mita 40 mbele, na ndani ya kioo huoni kitu ila manyoya.

Kama nyati ni "labda" kweli kweli, njoo na .30-06 na uulize mapema kama kambini kuna .375 ya kukodi. Liulize kwa maandishi, pamoja na aina ya risasi zilizopo.

GambaLaShaba

Mnabishana kuhusu kipenyo, lakini kinachoingia mwilini ni kile kichwa cha risasi, na hapo ndipo safari nyingi huharibikia.

Chukua kichwa laini cha kawaida: madini ya risasi ndani ya gamba jembamba la shaba, havijashikanishwa. Kipige kwa .300 kwenye bega la nyumbu, mita 60. Kinafika kikiwa bado na zaidi ya mita 850 kwa sekunde, kinakutana na mfupa, kinapasuka hapo hapo. Unapata jeraha pana lisilo na kina, mapafu hayajaguswa, na mnyama anaondoka kwa miguu mitatu. Kichwa hicho hicho kwenye mita 200 kingefanya kazi safi kwa sababu kasi imeshapungua. Ndiyo maana magnum yenye risasi rahisi ni ndoa mbaya kuliko .30-06 yenye risasi hiyo hiyo.

Dawa ni vichwa imara. Nosler Partition ina ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele inafunguka na kupoteza sehemu ya uzito, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Swift A-Frame ina ukuta kama huo, na madini ya mbele yameshikanishwa na gamba, kwa hiyo inabaki na uzito mkubwa zaidi. Kwa pofu na pundamilia hii ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Barnes TSX ni shaba tupu na inafunguka kama petali za ua. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito ule ule kichwa kinakuwa kirefu; kwenye .30-06 shuka hadi greni 165 au 168 badala ya 180. Inahitaji kasi ili ifunguke, na chini ya mita 550 hivi kwa sekunde usiitegemee. Ndani ya mita 300 .30-06 bado iko juu ya hapo.

Vichwa hivi imara vina adabu yake: mara nyingi vinatoka upande wa pili. Kwenye kundi la nyumbu, aliye nyuma ya uliyemlenga naye yuko hatarini. Subiri asimame peke yake hata kama mwindaji bingwa anayekuongoza ameshasema "huyo huyo" na moyo unakudunda. Mnyama aliyejeruhiwa asipatikane huhesabiwa sawa na aliyeuawa, na kumlipia ndilo jambo dogo. Kubwa ni kwamba yuko porini na risasi mwilini.

Tena usichanganye aina. Uzito ni ule ule, kaliba ni ile ile, lakini ukibadilisha kiwanda tundu kwenye karatasi linaweza kuhama sentimita 5 au zaidi kwenye mita 100. Chagua aina moja, safisha mtutu, rekebisha darubini kwa hiyo, na iwe hiyo hiyo utakayosafiri nayo.

MgeniWaKitalu

Asanteni sana wakuu. Nyati naona nimwache, kwa hiyo naelekea .30-06 na A-Frame ya greni 180. Limebaki la kulenga. Picha nyingi zinaonyesha nyuma kidogo ya bega. Ndivyo ilivyo kwa hawa wote? Na mazoezi yaweje?

NyayoMbichi

Hapana, nyuma ya bega ni mbali mno kwa wanyama wetu. Moyo uko chini na mbele, kati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu, panda na katikati ya mguu wa mbele kutoka chini, ukifika theluthi moja ya kimo cha kifua simama. Hapo utapata moyo au mishipa mikubwa iliyo juu yake. Ukikosea juu kidogo unapata mapafu, ukikosea mbele kidogo unavunja bega.

Nyumbu na kongoni wanadanganya macho. Ule mwinuko wa mabegani ni miiba ya uti wa mgongo na misuli, na kwa nyumbu manyoya ya shingo yanaongeza. Mapafu hayafiki huko. Anayelenga "katikati ya mnyama" huipeleka juu, karibu na uti wa mgongo. Mnyama anaanguka kama gunia, watu wanapeana mikono, kisha anainuka na kutimka. Ukimwona ameanguka papo hapo namna hiyo, usishushe bunduki.

Pofu dume ana ngozi inayoning'inia chini ya shingo hadi kifuani. Usiihesabu unapopima theluthi, maana ukiihesabu risasi itapita chini ya moyo. Pundamilia amekurahisishia: begani michirizi inakutana na kufanya pembetatu, weka hapo. Tandala akikaa mshazari, usitazame ulalo wa bega la karibu. Fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili na upitishe risasi kuuelekea.

Mazoezi yafanyike ukiwa umesimama, bunduki imeegemezwa kwenye fimbo za miguu mitatu, maana ndivyo utakavyopiga huko. Meza ya kupigia ni ya kurekebishia darubini tu. Sahani ya sentimita 15, mita 100, risasi 5. Zikiingia zote 5 mara tatu mfululizo, nenda mita 150. Kisha jifunze kuvuta bolti (komeo la kupakia risasi) na kupakia upya bila kuitoa bunduki begani. Risasi 20 kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo bega linaanza kukufundisha woga.

Ukishapiga, pakia, tazama, na kama bado amesimama piga tena. Kumbuka mti au kichuguu alipokuwa amesimama na alielekea wapi, kwa sababu wasoma nyayo wataanzia hapo. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ini. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya majani, huo ni utumbo: hapo mnasubiri kwanza, mkimkimbiza hatasimama.

KitakoChaMninga

Nyongeza ya safari. Beba risasi 60, zote za toleo moja. Kwenye ndege mwisho ni kilo 5 kwa abiria pamoja na boksi lake, na 60 za .30-06 hazifiki kilo 2. Bunduki iwe kwenye kasha gumu lenye kufuli, bolti imetolewa. Shirika la ndege lijulishwe mapema, maana mengine yanataka risasi ziwe kwenye mzigo tofauti.

Risasi usiziache kwenye dashibodi ya gari. Baruti ikipata joto shinikizo linapanda, na zile zilizojazwa nyumbani hadi ukingoni kwenye nchi ya baridi ndizo zinazokwamisha bolti saa 7 mchana. Ukihisi bolti inainuka kwa shida au ukaona alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda, hizo ziweke kando.

Kambini, kabla ya kumfuata mnyama yeyote, piga 3 kwenye karatasi. Zikiwa zimehama sentimita 10, usikimbilie vifundo vya kurekebishia darubini. Chukua bisibisi ukague skrubu za vishikizo vyake kwanza, kisha zile mbili zinazoshika chuma na kitako. Mara nyingi moja imelegea kwa kurushwarushwa mizigoni. Kaza, piga 3 nyingine, ndipo ugeuze vifundo kama bado kuna haja.