Gemu za kufa na kuanza upya: ukishinda umeshinda wewe au zimeshinda pointi ulizonunua?

Mleta mada
Wakuu kwema? Naomba tulimalize hili maana jana tumebishana stendi ya Nyegezi hapa Mwanza mpaka daladala mbili za Igoma zimetupita tumesimama tu. Ni hizi gemu za kufa na kuanza upya, rogulaiti. Kwa ambaye hajawahi: unaingia, vyumba vinapangwa upya kila safari, silaha ni ile utakayokutana nayo, ukifa umekufa unarudi mlango wa kwanza. Asili yake ni gemu ya 1980 iliyoitwa Rogue, herufi tupu kwenye kioo, alama ya @ ndo wewe, ukifa na seivu yako, yaani kumbukumbu ya ulipofika, inafutwa. Sasa hawa wa siku hizi wamelegeza, ukifa unabaki na hela, unaenda kununua uhai, unanunua nguvu, kesho unarudi mnene kuliko jana.

Ugomvi wangu uko hapo. Mwaka juzi laptopu ilizingua nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, nikamwambia kabisa kaka kuna vitu vyangu humo usiguse, jamaa akanirudishia imepigwa Windows mpya, nyeupe pee. Seivu zote zimeenda na maji. Nikaanza upya gemu mbili. Ya kwanza Vampire Survivors, ya kununua nguvu kwa dhahabu, ile niliyokuwa nafika dakika ya 30 huku natafuna mihogo, nikafa dakika ya nane. Nikafa tena. Ya pili Enter the Gungeon, ile ya 2016, nikafungua seivu tupu kabisa na jioni ileile nikafika ghorofa ya nne. Kwanini? Kwa sababu Gungeon haikuwahi kuniongezea kitu mwilini, ilinifundisha lini kubiringita basi. Pale ukijirusha, nusu ya kwanza uko hewani risasi zinakupita, ukitua ndo unachapwa, sasa mgeni anazikimbia risasi wakati inabidi azifuate azibiringitie katikati. Hicho fundi hakuweza kukifuta.

Kwahiyo za kucheza kwangu ni Gungeon, Nuclear Throne na The Binding of Isaac. Nyingine zote ni duka, unalipwa mshahara wa kufa. Nawasilisha, njooni na hoja siyo matusi.

Siti ya Dirishani
Nimeshakaa, namsubiri mwenye kibanda aje.

Kibanda Igoma
Nimekuja. Mleta mada unaongea kama mtu mwenye laptopu yake na umeme wake. Mimi nina kibanda cha gemu, niongee kwa hesabu.

Mechi ya mpira kwangu jero, dakika kumi kashanyanyuka anakaa mwingine, hela inazunguka. Mwaka jana nikaweka kompyuta moja pembeni ya gemu hizi zenu nikasema watoto wabadilishe ladha. Nikaanza na hiyo hiyo Gungeon, jero kwa roho, ukifa unalipa tena. Wiki ya kwanza tu nikajuta. Mtoto wa darasa la sita anakaa, dakika tatu kafa, jero imeenda, ananiangalia mimi kama nimemuibia, kesho yake mama yake yuko mlangoni. Halafu akaja kijana mmoja wa chuo, mpole, kavaa miwani, akatoa jero yake akakaa dakika hamsini. Hamsini! Feni inazunguka, luku inasoma, watu nyuma wamejaa wanamshangilia na hakuna hata mmoja analipa. Yaani asiyejua analia, anayejua anacheza bure, na mimi katikati naliwa pande zote.

Nikatoa nikaweka Vampire Survivors. Ile gemu ina saa yake. Ikifika dakika ya 30 Mauti mwenyewe anashuka anakumaliza, uwe umejaa vipi. Nikaandika ukutani buku kwa nusu saa, hakuna ugomvi. Na mtoto mgeni anashika pedi ya kuchezea anatembea tu, silaha zinajipiga zenyewe, hata akifa mapema ameona makundi yamelala chini kafurahi.

Sasa hizo pointi unazozidharau nikuambie zilivyokaa kibandani. Seivu ni moja, ya wote. Mtoto wa jumatatu anakufa anaacha dhahabu, wa jumanne ananunua nguvu, ikifika jumamosi anayekaa anarithi jasho la mtaa mzima. Wakaanza kugombana, "ile nguvu niliinunua mimi", "na ule wepesi ni wa kaka yangu". Mpaka nikagundua kuna kitufe cha kurudishiwa, dhahabu yote inarudi bila makato. Kwahiyo kila asubuhi kabla sijafagia narudisha zote, anayekaa anapanga mwenyewe anataka nini. Sasa niambie hapo anashinda nani.

Mleta mada
Mkuu hiyo ya kurudisha kila asubuhi nimeipenda. Ila dhahabu si bado ipo palepale? Anapanga upya mali ya ukoo, hajaanza sifuri.

Kibanda Igoma
Na wewe ulianza sifuri duniani?

Dagaa Kavu
😂😂 hapo kwenye ukoo mmenikumbusha Rogue Legacy ya 2013. Ukifa anaingia mwanao, anarithi hela za marehemu, anajengea nyumba, na kabla ya kuingia ngomeni anapokonywa chenji yote mlangoni. Mwingine anazaliwa haoni rangi, mwingine jitu, unachagua mmoja kati ya watatu. Hiyo gemu ni ya Kisukuma kabisa, mzee akiondoka unahesabu ng'ombe.

Sasa na mimi niseme. Niko kwenye dagaa, mwalo wa huku Ilemela. Wanaojua kazi hii wanajua dagaa ni giza, tunawasha taa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana, hatuingii ziwani, tunakaa kambini siku kadhaa hakuna kazi, nyavu zimeshonwa zimeisha. Hapo ndo gemu zinapochezwa. Na gemu ya kambini ni moja tu, Soul Knight, ya 2017, ya simu, bure. Mmoja anawasha hotispoti, wanne tunaingia chumba kimoja, hatuhitaji hata MB moja ya bando maana simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kioo kinajaa risasi za kila rangi hujui ipi yako ipi ya adui, mmoja akianguka unaenda kumnyanyua huku wawili wanakulinda. Kuna siku nahodha wetu kaanguka kwa bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kumalizia, akatupigia kelele kama vile mtumbwi unazama.

Mleta mada hajaitaja kabisa kwa sababu ni ya simu. Hapo ndo kosa la uzi huu, mnajadili gemu kama kila mtu ana kompyuta.

Wa Nansio
Naunga mkono kaka hapo juu. Mimi ni mwalimu, kila mwezi navuka mara mbili, Mwanza kwenda Ukerewe na kurudi. Melini mtandao ukishaacha mji nyuma unakufa, unabaki na maji na watu wanaolala. Vampire Survivors nacheza kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika mfuko wa mkate wa watoto. Kwenye simu ni bure na haikulazimishi tangazo, wanakuuliza ukitaka kuamka ukishakufa uangalie moja, usipotaka basi. Nimezoea zile za "nishati imekwisha subiri au lipia" kama Archero, niliifuta baada ya wiki, yaani kufa nife mimi halafu na foleni nipange mimi.

Aliyeitengeneza, Luca Galante, Mtaliano anayeishi Uingereza, alianza nayo kama kazi ya jioni, ikatoka kama toleo la majaribio Desemba 2021 kwa bei ya chini ya dola tatu. Mwaka 2023 ikabeba tuzo ya gemu bora ya BAFTA, zile za Uingereza, mbele ya gemu kubwa ya Elden Ring. Mnaosema ni duka siyo gemu mnawabishia na hao.

Macho Manne
Dada tuzo haifungi mjadala. Huyohuyo Galante kabla ya hapo alikuwa fundi programu kwenye kampuni za kamari, na inaonekana. Ukifungua kasha kule taa zinawaka, muziki unapanda, vitu vinamwagika. Pita Mabatini usiku usikilize dubwi, ile mashine ya kamari, linavyolia mtu akipata, halafu rudi useme hujasikia kitu kilekile. Tofauti tu huku huliwi shilingi mia mia.

Ila nasimama na mleta mada nusu, nusu namkatalia. Mnachanganya mvua ya risasi, yaani gemu za kukwepa risasi zilizojaa kioo, na bahati nasibu. Mvua ya risasi yenyewe ni ya mashine za Japani, Batsugun 1993, DonPachi na nduguze, halafu Touhou, ambayo jamaa mmoja tu, ZUN, ndo anachora, anaandika programu na anapiga muziki mwenyewe. Kule risasi nyingi hazina bahati. Bosi anafungua ua la risasi mia tatu na kila siku ni lilelile, unakufa, unakariri, unapita. Na siri yake wengi hawajui, mwili wako unaopigika siyo picha nzima, ni kidoti kidogo katikati ya kifua. Ukishajua hilo unaacha kuangalia risasi unaanza kuangalia uwazi. Ni kama kuvuka pale Buzuruga jioni, ukiziangalia bodaboda utasimama mpaka usiku, unaangalia nafasi kati yao unapita.

Sasa Gungeon unayoisifia, vyumba ni bahati, bunduki ni bahati. Siku umepata bunduki tamu unafika mbali, siku umepata takataka unakufa ghorofa ya pili na ujuzi wako mfukoni. Hapo ameshinda nani? Na Isaac usiitaje kabisa, ya 2011 ile, kila ukimaliza inafungua vitu vipya vinaingia kwenye mzunguko wa vitu unavyoweza kukutana navyo, vingine vizito balaa. Hiyo siyo duka?

Mleta mada
Isaac nakubali umenishika. Natetea hivi: kufungua kitu kiingie kwenye mzunguko siyo sawa na kuongezewa uhai. Kikishafunguliwa bado inabidi ukikute, na vingine ni sumu, utakiokota utajuta. Ila sawa, mlango wa duka uko wazi kidogo, siwezi kukataa.

Kuhusu bahati nakukatalia. Kukariri ua la bosi ni kuzuri lakini ukishalikariri umemaliza, unaimba wimbo unaoujua. Nuclear Throne, ya wale Waholanzi Vlambeer, mimi sijawahi kurudia chumba, nafika kila mara nimeshika upuuzi tofauti na inabidi niufanye kuwa silaha. Nimefika mbali kwa bisibisi. Bisibisi mkuu! Ile ni akili siyo kukariri.

Wa Nansio
Na Hades mnaiacha? Hiyo nimecheza kwa kaka yangu Nyakato likizo yote. Kule kufa ndo hadithi inasogea, ukirudi nyumbani baba yako anakukejeli, mwingine ana habari mpya, unatamani ufe usikie ameongeza nini. Ya 2020, na 2021 ikapewa tuzo ya Hugo, ambayo ni ya hadithi za kisayansi na kufikirika. Na kuna kitufe cha kukupunguzia maumivu, unaanza na kinga ya asilimia 20, kila ukifa unaongezewa asilimia mbili mpaka ifike 80. Mimi niliwasha. Sijaona aibu. Nina madaftari ya watoto wengi ya kusahihisha, siwezi kutumia mwaka mzima kwa bosi mmoja.

Mleta mada
Dada ukiwasha hicho kitufe si gemu ndo inacheza wewe umeshika pedi?

Wa Nansio
Asilimia 80 ni baada ya kufa mara 30. Umewahi kufa mara 30 kwa kitu chochote ukarudi? Basi hiyo nayo ni kazi.

Dagaa Kavu
Mwalimu kapiga hapo. Wabeja mwalimu.

Siti ya Dirishani
Kwangu Dead Cells ndo imewapatanisha na hamjaitaja. Ukiua unaokota seli, na lazima uzifikishe kwa yule jamaa kati ya levo na levo ndo ununulie kitu, ukifa njiani zote zimepotea. Yaani duka lipo ila nauli ni ujuzi wako. Ya Wafaransa wa Bordeaux, Motion Twin, ambao kazini walikuwa wanalipana sawa wote hakuna bosi. Na simu ipo, ila ya kulipia.

Mleta mada
Hiyo ya seli kupotea njiani... hapo nakosa la kusema. Nilicheza kidogo nikaona panga na kuruka nikadhani ni zile za kawaida nikaacha. Nitairudia.

Ila msimamo wangu kwa Vampire uko palepale. Kibanda, nikupe mtihani: jumamosi moja usirudishe dhahabu, futa seivu kabisa, waanze watoto wote sifuri. Tuone nani anafika dakika 15.

Kibanda Igoma
Nafuta. Lakini siyo bure, siku hiyo nitapoteza wateja. Wewe njoo na Nuclear Throne yako kwenye flashi, ile inachezwa wawili, tuweke kompyuta ya pili, wewe na yule kijana wa chuo mwenye miwani, buku kwa nusu saa kama wengine na bisibisi yako tuione. Na uje na pedi, moja ya kwangu kitufe cha kushoto kimeganda tangu wamwagie soda.

Macho Manne
Nakuja kuangalia. Saa ngapi?

Kibanda Igoma
Saa nane, umeme ukiwepo.