Kamera za ulinzi kwa fedha za wafadhili Dodoma: tuulize nini kabla mkataba haujasainiwa?

Mkazi wa Majengo

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Katika mkutano wa mtaa wetu tumeelezwa kwamba yapo matumaini ya kupata fedha kutoka nje ili kufunga kamera za ulinzi sokoni, stendi na kwenye njia panda kubwa za mji. Wengi walipiga makofi, nami siwalaumu, kwa sababu tangu Serikali ihamie hapa mji umetanuka hadi Nzuguni na Mtumba, na vibaka nao wameongezeka. Hata hivyo, hakuna aliyetueleza kama fedha hizo ni msaada wa bure au mkopo, nani atazitunza kamera mradi ukiisha, na picha zitakuwa mikononi mwa nani. Naomba wenye ujuzi watusaidie: mwananchi wa kawaida aulize nini, na amuulize nani?

Fundi wa Nkuhungu

Ndugu yangu, kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitambo hii madukani na majumbani, kwa hiyo nitajibu upande ninaoufahamu. Bei ya kamera yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Kamera moja inayorekodi usiku na mchana kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku, yaani kama terabaiti 1.3 kwa mwezi. Ukifunga kamera 100 na ukataka picha zikae siku 30, unahitaji terabaiti 130 za kuhifadhia, na diski hizo, kwa kuwa hazipumziki, huchakaa baada ya miaka michache na hubadilishwa kwa fedha yako mwenyewe. Ongeza faiba, umeme, betri za kushikilia mtambo umeme unapokatika, na mishahara ya watu wa kukaa mbele ya skrini kwa zamu.

Dodoma ina jambo lake la ziada, nalo ni vumbi. Kiangazi upepo unapovuma, kioo cha kamera iliyofungwa kando ya barabara isiyo na lami hufunikwa na utando mwekundu. Usiku taa za kamera zinapoumulika utando huo, picha nzima huwa weupe mtupu, na namba ya pikipiki iliyopita jirani kabisa haisomeki. Dawa yake ni ngazi, kitambaa laini na mtu wa kupanda mara kwa mara. Ulizeni kama mtu huyo yumo kwenye bajeti, na kwa miaka mingapi.

Mhasibu Mstaafu

Naongezea upande wa fedha, maana hapo ndipo tunapoumia. Mifumo kadhaa mikubwa ya kamera barani Afrika haikujengwa kwa ruzuku bali kwa mikopo ya benki za serikali za nje, ambayo mara nyingi huja na sharti la kununua mitambo kwa kampuni ya nchi inayokopesha. Nigeria mwaka 2010 iliingia mkataba wa dola milioni 470 na kampuni ya China ya ZTE ili kujenga mfumo wa mawasiliano ya usalama pamoja na kamera 2,000 katika miji ya Abuja na Lagos, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kamera hizo zikaacha kufanya kazi, lakini deni likaendelea kulipwa, na wabunge wakabaki kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Kwa hapa kwetu, Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kuikopea Serikali. Kwa hiyo usimbane mwenyekiti wa mtaa kwa jambo lisilo mikononi mwake. Mpelekee swali diwani na mbunge wako, na uulize kwa maandishi.

Mama Lishe wa Sabasaba

Ndugu zangu, nawaheshimu sana, lakini sisi tunaowasha majiko alfajiri hatuwezi kusubiri mjadala uishe. Mwenzangu alinyang'anywa pochi ya mauzo kwenye uchochoro ambao hauna hata taa moja. Kama fedha zipo, waanze na taa, kisha hizo kamera zifuate.

Mwanasheria wa Makulu

Mama amesema jambo ambalo watafiti nao wameliona. Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kwamba kamera hupunguza uhalifu kwa takriban asilimia 13, zaidi katika maegesho ya magari, na kwamba hufanya vizuri zaidi zikiambatana na hatua nyingine.

Kuhusu picha, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume ya kuisimamia. Wafadhili nao wanabanwa: Novemba 2022 Mchunguzi Maalumu wa Umoja wa Ulaya, anayepokea malalamiko dhidi ya taasisi za umoja huo, aliikosoa Kamisheni ya umoja huo kwa kutokuwa na utaratibu wa kutosha wa kupima athari kwa haki za binadamu kabla ya kuzisaidia nchi za Afrika katika miradi yenye uwezo wa ufuatiliaji. Nasi wa Dodoma tuna sababu yetu ya kulishikilia swali hili. Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa upinzani, alipopigwa risasi Area D hapa mjini tarehe 7 Septemba 2017, yeye na chama chake walidai hadharani kwamba kamera za eneo lile ziliondolewa. Ndiyo maana nataka iandikwe mapema nani ana ruhusa ya kufuta, kunakili au kuzing'oa.

Tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: andika barua kwa halmashauri, omba nakala ya andiko la mradi, nao wanapaswa kukujibu ndani ya siku 30.

Mkazi wa Majengo

Nawashukuru nyote. Barua nitaiandaa wiki hii na kuipitisha kwa majirani waisaini. Fundi, naomba uniandikie gharama hizo za matunzo moja moja ili niziambatanishe, na Mama, suala la taa nitaliweka la kwanza.