Taarifa zangu za miezi miwili hazikutumwa na hakuna aliyeuliza: kazi ya namna hii ina maana gani?

Swali, kutoka kwa Karani wa Majedwali

Ndugu wasomaji, naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda. Huu ni mwaka wangu wa saba katika shirika kubwa, na kazi yangu ni kukusanya takwimu kutoka vitengo 8, kuzihakiki, kuzipanga katika majedwali na kuandika taarifa ya kila mwezi yenye kurasa 14. Mshahara hulipwa kwa wakati, wenzangu ni watu wa heshima, na tathmini yangu ya utendaji haijawahi kuwa mbaya. Kwa hiyo siandiki haya kwa kinyongo.

Miezi michache iliyopita niliugua nikapewa mapumziko. Niliporejea niligundua kuwa taarifa za miezi miwili hazikutumwa kwa mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja wa wawili walioachiwa jukumu hilo alidhani mwenzake analishughulikia. Nilijiandaa kuomba radhi. Nilisubiri barua, nikasubiri simu, nikasubiri hata mtu anidokeze tunapopishana kwenye korido. Hakuna aliyeuliza. Taarifa ya mwezi uliofuata niliituma kama kawaida, na aliyenijibu ni mfumo wenyewe, kunijulisha kuwa imepokelewa.

Tangu hapo, kila ninaposahihisha tarakimu ninajiona kama mtu anayetwanga maji kinuni. Karibu na mlango wetu umetundikwa ubao wa dira na dhima ya shirika, na maneno “kubadilisha maisha” yameandikwa humo kwa herufi kubwa. Nami kila nikipita hujiuliza ni maisha ya nani ambayo jedwali langu la saba limewahi kuyabadilisha. Je, mtu aliye katikati ya shirika, mbali na wale wanaohudumiwa, ataijuaje thamani ya anachokifanya? Niitafute maana humu humu, niitafute nje ya kazi, au niondoke? Naomba tu msiniambie nishukuru kwamba nina ajira. Nashukuru kila siku, ila shukrani hailijibu swali hili.

Jibu la 1, kutoka kwa Mkaguzi wa Zamani

Pole kwa kuugua, ndugu yangu, na pole zaidi kwa ukimya uliokupokea. Kwanza nikuondolee shaka kwamba pengine wewe ni mtu wa kulalamika. Mwaka 2008 watafiti Ariely, Kamenica na Prelec walichapisha jaribio ambalo washiriki walilipwa kuunganisha vinyago vya plastiki, malipo yakipungua kidogo kwa kila kinyago kipya. Kundi moja liliona kazi yake ikipangwa mezani; kundi la pili liliona kila kinyago kikibomolewa mbele ya macho yake huku kingine kikiendelea kuunganishwa. Kazi ilikuwa ileile na malipo yaleyale, lakini kundi la kwanza lilitengeneza kwa wastani vinyago 10.6 na la pili 7.2. Kama mtu anaweza kuvunjika moyo kwa sababu ya kinyago asichokuwa na haja nacho, sembuse wewe na miaka saba ya taarifa.

Sasa, kuhusu ule ubao wa dira na dhima. Makosa ya mashirika mengi ni kudhani kwamba mfanyakazi akielezwa lengo kwa ufasaha zaidi ataliona. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakipiga simu kuomba michango kwa ajili ya chuo kikuu, kazi ambayo mtu hukataliwa mara nyingi kuliko anavyokubaliwa. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142 na fedha walizochangisha kwa asilimia 171. Wenzao waliosoma barua ya mwanafunzi huyo tu, bila kumwona mtu, hawakubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Kinachonigusa hapa ni hiyo barua: habari ilikuwa ileile, aliyekosekana ni mtu.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usijichunguze nafsi kwanza, ichunguze taarifa. Chukua orodha ya wanaoipokea, umwendee mmoja mmoja, ikiwezekana ana kwa ana. Ila uwe mwangalifu na namna ya kuuliza. Ukiuliza “Je, taarifa yangu inakusaidia?” wote watasema ndiyo kwa adabu, na utarudi kwenye meza yako ukiwa umedanganywa kwa upole. Uliza hivi: “Mara ya mwisho kuifungua ilikuwa lini, ulitazama jedwali lipi, na baada ya kulitazama ulifanya nini?” Nilifanya ukaguzi kwa miaka mingi, na swali hilo la tatu ndilo lililokuwa likiniletea ukimya mrefu kuliko yote.

Jibu la 2, kutoka kwa Mtumishi wa Zamu

Ninaomba kutofautiana kidogo na ndugu Mkaguzi, si kwa takwimu zake bali kwa haraka yake. Kabla hujaenda kugonga milango, jiulize kama ni lazima kazi ikupe maana hata kidogo. Amy Wrzesniewski na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1997, walionyesha kuwa watu huitazama kazi yao kwa namna tatu: wapo wanaoiona kuwa ajira ya kujipatia riziki, wapo wanaoiona kuwa ngazi ya kupandia vyeo, na wapo wanaoiona kuwa wito. Humo walikuwamo wasaidizi wa ofisi 24, watu wa kazi inayofanana kabisa na yako, nao waligawanyika karibu sawa kwa sawa katika makundi hayo matatu. Maana yake ni kwamba cheo kilekile na dawati lilelile havimlazimishi mtu kuhisi wito, wala havimzuii. Lakini sioni aibu yoyote kwa wale wa kundi la kwanza. Kazi ya kijungujiko inayokuruhusu kurudi nyumbani mapema, ukawa mzazi, jirani na mtu wa kwaya, ni kazi yenye heshima kamili.

Tena wito una bei yake. Mwaka 2009 Bunderson na Thompson walichapisha utafiti juu ya watunza wanyama katika bustani za wanyama. Wale waliojiona wameitwa walipata maana kubwa katika kazi yao, na hao hao ndio waliokuwa tayari kuacha malipo bora, muda wao binafsi na starehe zao, huku wakiwa na wasiwasi kwamba wakubwa wanaweza kuitumia nia yao njema. Nimefanya kazi za zamu mahali ambapo kila tulipouliza juu ya saa za ziada tulikumbushwa “dhima yetu”. Punda afe, mzigo ufike. Tangu wakati huo, kiongozi akianza kunizungumzia maana ya kazi, mimi hutazama kwanza karatasi ya mshahara.

Kwa hiyo, ikiwa unaitafuta maana kwa ajili yako mwenyewe, endelea; lakini usimkabidhi mwajiri, maana siku akiushika moyo wako hatakuwa na sababu ya kukuongezea chochote mkononi.

Jibu la 3, kutoka kwa Mkuu wa Kitengo Mstaafu

Nimesoma swali hili mara mbili, na nakiri kwamba lilinichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu walioagiza taarifa na wasizisome. Naomba niwaeleze jinsi jambo hili linavyotokea, maana wanaoandika taarifa huwa wanadhani kuna dharau mahali ambapo mara nyingi kuna usahaulifu tu.

Taarifa huzaliwa siku ya tatizo. Kikao kinaitwa, mkurugenzi anataka idadi fulani, nasi tunaagiza iletwe kila mwezi. Tatizo linakwisha, mkurugenzi anahamishwa, lakini hakuna anayekumbuka kuifuta ile amri. Baada ya miaka mitano tatizo jipya linaongeza jedwali jipya juu ya yale ya zamani. Sijawahi kuhudhuria kikao kilichoitwa kwa ajili ya kufuta taarifa. Nadhani kurasa zako 14 ni makaburi ya dharura za watu waliokwisha kuondoka.

Hili si geni. Mwanauchumi Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza jinsi utengenezaji wa pini ulivyogawanywa katika hatua zipatazo 18, hata watu 10 wakaweza kutoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku moja. Watu hupenda kuikumbuka hesabu hiyo, na husahau kwamba baadaye katika kitabu hicho hicho Smith alionya kuwa mtu anayemaliza maisha yake katika vitendo vichache vyepesi hupoteza uwezo wa kufikiri. Karne mbili baadaye, mwaka 1976, watafiti Hackman na Oldham waliliweka jambo hilo kwa lugha ya ofisini: kazi huhisiwa kuwa na maana pale inapohitaji ujuzi wa aina mbalimbali, inapokuwa kitu kizima chenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na inapogusa maisha ya wengine, tena wakaongeza kuwa mtu anahitaji uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na mrejesho unaomwonyesha matokeo. Ukiipima kazi yako kwa mizani hiyo, ndugu Karani, utaona kwamba tatizo halimo ndani yako. Wewe huna sehemu katika mwanzo wa jambo (hukuchagua kinachohesabiwa) wala mwisho wake (huoni kinachoamuliwa). Umepewa katikati peke yake.

Kwa hiyo ninakubaliana na Mkaguzi juu ya kuwafuata wapokeaji, na ninakubaliana na Mtumishi wa Zamu kwamba maana isitumike kufunika malipo duni. Ila ningeongeza kuwa usiende peke yako kama mtu anayetafuta faraja. Nenda kwa msimamizi wako na pendekezo la kupunguza. Wakubwa huogopa mfanyakazi anayeuliza maana ya kazi, kwani hawajui watamjibu nini. Lakini mfanyakazi anayesema “nadhani kurasa tisa kati ya hizi hazitumiki, nipe ruhusa nithibitishe” husikilizwa hata na msimamizi mvivu. Hasa msimamizi mvivu.

Jibu la 4, kutoka kwa Mtumishi wa Zamu

Mzee wangu, hapo mwisho umenishinda. Swali langu ni moja tu: kurasa tisa zikifutwa, nani atamhakikishia kwamba hazitafuata na nafasi yake?

Jibu la 5, kutoka kwa Mkuu wa Kitengo Mstaafu

Hakuna awezaye kumhakikishia. Ndiyo maana nimesema aende yeye na pendekezo, asisubiri mtu mwingine agundue. Hatari hiyo ipo hata akinyamaza.

Mrejesho kutoka kwa Karani wa Majedwali, wiki tano baadaye

Nawashukuru nyote. Nilizungumza na msimamizi wangu, akaniruhusu, ingawa kwa uso wa mtu asiyejua ameruhusu nini. Wapokeaji walikuwa 11. Wanne walikwisha kuhama au kuacha kazi, na anwani zao ziliendelea kupokea taarifa bila mtu nyuma yake. Watatu walikiri, wawili wakicheka na mmoja akiona haya, kwamba hawaifungui. Mmoja hakunijibu. Wawili hutazama ukurasa wa kwanza kabla ya kikao.

Wa kumi na mmoja ni ofisa wa ununuzi anayekaa karibu na ghala, mtu ambaye sikuwahi kumwona ingawa tumeajiriwa jengo moja kwa miaka minne. Nilipomuuliza lile swali la Mkaguzi alinionyesha daftari. Katika miezi ile miwili alidhani taarifa imefutwa, kama mambo mengi yanavyofutwa bila yeye kuelezwa, hivyo alikuwa akivipigia simu vitengo vyote 8 kila mwisho wa mwezi na kuandika hesabu kwa mkono ili ajue cha kuagiza. Hakuuliza kwa sababu hakujua amuulize nani. Jina langu halimo kwenye taarifa. Nilisimama pale nikaona aibu na furaha kwa pamoja, na sijui ni ipi iliyozidi.

Taarifa sasa ina kurasa 5, na jedwali la saba limefutwa. Ndilo nililolipamba kuliko yote. Jina langu na namba ya simu ya ndani viko chini ya ukurasa wa kwanza. Hofu ya ndugu Mtumishi wa Zamu naielewa, na sijaipatia jibu: siku nilizookoa msimamizi amekwisha kuzitazama kwa jicho la kunipa kazi nyingine, nami nimemwomba asubiri mwezi mmoja.

Nimeomba asubiri kwa sababu ya jambo alilonionyesha yule ofisa kwenye daftari lake. Alipokuwa akipiga simu mwenyewe aligundua kwamba vitengo vitatu huhesabu vifaa vilivyoagizwa, na vitano huhesabu vilivyopokelewa, na vyote huingia katika safu ileile ya jedwali langu la pili. Kwa miaka saba nimekuwa nikihakiki tarakimu za safu hiyo na zote zilikuwa sahihi. Jumatatu tunakwenda pamoja kwenye kitengo cha kwanza, yeye na daftari lake, mimi na jedwali.