Yule mwalimu wa VB6 kanifanya nipewe shikamoo na babu mlinzi

Wakuu, natoka usaili sasa hivi, nipo kijiwe cha bajaji karibu na bandari natetemeka. Mchawi wangu mnamjua. Yule mwalimu wa programu anayefundisha VB6 (Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu za kompyuta), mwenye notisi zilizogeuka manjano. Simtaji.

Ofisi ya wakala wa forodha. Bosi kaniuliza kuhusu SQL, lugha ya kuchota taarifa kwenye kanzidata: "SQL vipi? Nitolee kontena zilizozidi siku 7 bandarini." Nikasema sisi tumesomeshwa Visual Basic 6. Kacheka mpaka miwani ikadondoka, kisha akamwita mlinzi, babu wa watu, meno mawili: "Mzee, njoo umwamkie mkubwa wako." Babu kavua kofia, wallahi, kanipa SHIKAMOO.

Babu ana wajukuu wanaonizidi umri! Shikamoo!

VB6 imetoka 1998. Microsoft wenyewe wameacha kuihudumia 2008. Jamaa bado anaitungia mtihani, tena wa kalamu, ukisahau End If, maneno ya kufungia sharti, maksi zimekwenda. Hapa Tanga forodha wanataka SQL na Excel, wenye maduka PHP ya kutengenezea tovuti, kwenye saruji wanataka mtu wa PLC, zile kompyuta za kuendeshea mitambo. Nani chuoni kawauliza? Kofia kaivua kabisa, jamani. Kwa mikono miwili.

KontenaTupu: Uliitikia marahaba?

BintiChumbageni: Shikamoo mleta uzi.

FundiWaya: VB6 unalia? Sisi Pascal, ya 1970. Babu angenipigia magoti.

MzeeWaKodi: Lugha si hoja. Ukishashika if na lupu, Python unaingia mwenyewe. Hiyo SQL ungejifunza hata kwenye simu, bando la umbea mnalo.

Mleta uzi: Mzee wangu, wewe umewahi kuamkiwa na babu mwenye meno mawili?

KontenaTupu: Hujajibu. Uliitikia?

Mleta uzi: Hilo ndilo umeliona?!

NgamianiJuu: Afadhali nyie mnaitwa usaili. Mimi fildi nzima nilikuwa natumwa mihogo, na ripoti wakaniandika mzembe.

BintiChumbageni: Mihogo ya wapi, Raskazone? Ile chachandu siku hizi maji matupu.

FundiWaya: Unaenda mchana ndiyo maana. Nenda baada ya magharibi, mama mwenyewe akiwepo.

NgamianiJuu: Mama mwenyewe ndiye anayetia maji. Mimi nilikuwa mteja wa kila siku, msibishane na mimi.