Ushauri: nataka kumpeleka mama na watoto Kondoa (Kolo na Haubi), siku mbili zinatosha?

Mwana wa Haubi
Habari zenu wakuu. Naishi Dodoma mjini, Kikuyu. Mama yangu ana miaka 61, kazaliwa Haubi, kule juu milima ya Irangi. Mwaka 1979 serikali ilipoamuru mifugo yote itoke, alikuwa binti wa miaka 15. Babu akashuka na ng'ombe wake kuelekea Kiteto, mama akafuatana naye. Baadaye akaolewa Dodoma, na tangu siku ile hajalala Haubi hata usiku mmoja. Misiba ya kule anatuma mchango, yeye mwenyewe haendi.

Sasa mwanangu wa darasa la sita karudi shuleni kaniuliza, "Baba, mwalimu kasema Kondoa kuna michoro ya watu wa kale. Sisi si watu wa huko?" Nilikosa jibu la maana. Mimi mwenyewe Kondoa naijua ya kupita tu nikiwa kwenye basi la Arusha.

Nimepanga mwezi wa saba. Nina kigari kidogo, kiko chini. Mama magoti yanamsumbua. Mama pia anasema Mungomi pale Kolo ni mahali pa tambiko, mtu haingii kama anaingia sokoni, na hataki wajukuu wakakosee adabu. Kaka yangu naye anapinga safari nzima, anadai kule kuna mawe na makorongo tu, bora niwapeleke Mikumi watoto waone tembo. Nami natamani waone wanyama, nimesikia mapori ya Mkungunero na Swagaswaga yako hukohuko.

Naomba mwenye uzoefu anielekeze. Nawasilisha.

Binti Bereko
Mpeleke mama. Hayo mengine yatapangika njiani.

Dereva wa Mayamaya
Mkuu, barabara isikusumbue. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251, lami tupu tangu 2018. Unapita Msalato, Mayamaya, unaingia Kondoa, halafu Kolo ipo mbele kidogo barabarani kabisa, huwezi kuipotea. Zamani kipande cha Mela kwenda Bonga masika kilikuwa kinalaza watu njiani.

Tatizo linaanza ukiiacha lami. Kwenda kwenye miamba ni vumbi na mawe, na mwishoni ni mlima. Kigari chako kiache Kolo, ukodi gari lililo juu, au bodaboda kwa nyie wenye miguu. Haubi pia kuna kupanda na kona nyingi, usijaribu jioni. Mwezi wa saba ni sawa, kumekauka. Ungesema Januari ningekukataza.

Mpanda Miamba
Mkuu, mimi mwenyeji wa Pahi, nimepandisha wageni huko miaka mingi, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza, anzia ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo. Andikisha wageni wako, lipa kwa utaratibu wa serikali, dai risiti, upewe mwongozaji. Usikubali kijana yeyote wa barabarani akwambie anaijua njia ya mkato. Michoro ya Kondoa iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Peke yako utazunguka na kuona mawe tu, kama alivyosema kaka yako.

Pili, waambie watoto mapema kwamba picha nyingi ni ndogo na nyembamba. Wanakuja wakitegemea kuona ukuta mzima umechorwa tembo. Wakae chini, watulie, macho yazoee kivuli. Ndipo mtu anaanza kutokea: mwili mrefu uliochorwa kwa mistari ya ngeu (udongo mwekundu), nyembamba kama nywele, kichwa kimevimba kama amevaa kofia kubwa. Pembeni yake pofu, twiga, tandala. Hiyo myekundu ndiyo ya zamani. Juu yake utaona michoro mizito ya rangi nyeupe, hiyo ni ya wakulima waliokuja baadaye sana. Mama akichoka kupanda, mpeleke Pahi badala ya kumkaza mlima wa Mungomi. Ukipata muda, Fenga kuna tembo amezungukwa na watu kama yuko mtegoni. Huyo watoto hawamsahau.

Tatu, na hili nakusihi kama ndugu: MTU ASIMWAGE MAJI kwenye mwamba. Kuna watu wanamwagia maji, hata soda, ili rangi ing'ae wapige picha. Kila mara inatoka kidogo. Wasiguse kwa vidole, wasiwashe moto. Na pale Mungomi mtaona mashimo. Yalichimbwa na watu waliodanganywa kwamba Mjerumani alificha mali. Wamevuruga udongo ambao ungetueleza mengi kuhusu wazee wetu. Nikifika pale roho inaniuma kila siku kama ndiyo kwanza naona.

Kuhusu tambiko mama yako yuko sahihi. Wazee bado wanapanda Mungomi kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Mwongozaji anajua siku za kutopanda. Mkifika, mama atangulie, aseme neno lake kwa Kirangi, watoto wasimame nyuma yake. Hakuna atakayewafukuza.

Pori kwa Pori
Naomba nitofautiane na wengine kwenye suala la wanyama. Mkungunero ni pori la akiba, linapakana na Tarangire upande wa kusini. Siyo sehemu ya kuingia na familia na kigari. Swagaswaga hivyohivyo. Tembo wapo kweli, na wenzetu wa vijiji vya jirani wanalala mashambani wakilinda mtama, kwao si utalii. Kama una siku ya tatu, toka Kolo, pita Bereko, shuka Babati, nenda Tarangire yenyewe. Kiangazi wanyama wanafuata maji ya mto Tarangire, na Julai ndiyo wanaanza kujaa. Mtoto aliyemwona twiga wa ngeu kwenye mwamba jana, akimwona twiga mzima kesho, somo limekamilika. Kama huna siku ya tatu, acha wanyama. Usikimbizane.

Mwana wa Haubi
Asanteni sana. Siku ya tatu naweza kuipata. Vipi Haubi? Mama anauliza kama kweli miti imerudi. Anasema alipoondoka kulikuwa kwekundu kote, hata bakora ya kuchungia ulikuwa huipati karibu.

Bwana Miti Mstaafu
Mwanangu, msalimie sana mama. Mimi niliingia Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, nikiwa kijana. Mradi ulianza 1973. Tulichimba makinga maji, tukapanda miti, tukaziba makorongo kwa mawe na matete. Mvua moja tu ikishuka mlimani inazoa kazi ya miezi. Makorongo ya wakati ule, ukisimama chini huoni uso wa mtu aliye juu.

Chanzo chake ni kirefu. Mabondeni mbung'o, yule nzi wa malale, alijaa, watu na mifugo wakabanana milimani. Misitu ikakatwa kwa mashamba, na mingine kwa kumfukuza huyohuyo mbung'o. Udongo wa kule ukishavuliwa nguo haukai.

Mwaka 1979 ndipo likaja agizo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote watoke kwenye kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya mifugo. Nilisimama Haubi nikaona kundi baada ya kundi likishuka, na kina mama wanalia kama msibani. Kwa hiyo mama yako ana haki ya kuwa na uchungu. Ukoo uligawanyika, mbolea ikakosekana, watoto wakakosa maziwa.

Na miti imerudi, mwambie. Hatukuipanda yote sisi. Miaka michache baada ya mifugo kutoka, nyasi zilifunika, kisha visiki vya miyombo vikachipua vyenyewe. Mito ya mchanga ikatulia, watu wakalima miwa na viazi kwenye mchanga uleule ulioshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tukaanza kuruhusu ng'ombe wa maziwa, wa kufungia bandani na kukatiwa majani. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili niliyaona.

Msomaji wa Jioni
Shikamoo mzee. Mwanzisha uzi, ukipita Kondoa mjini waonyeshe watoto vilima vinavyouzunguka mji. Aprili 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini, upande wa Waingereza, liliingia hapo likitokea Arusha, masika ikawakatia njia, farasi wakafa kwa maradhi. Usiku wa tarehe 9 Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia, akashindwa kuwang'oa. Walichokuwa wanakitafuta hao wa Afrika Kusini ni reli ya kati, na tarehe 29 Julai wakaichukua Dodoma. Mizigo ya pande zote mbili ilibebwa vichwani na Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa.

Kijana wa Farkwa
Mimi ni Msandawe. Naomba watoto waambiwe pia kwamba wapo watafiti wanaoihusisha ile michoro myekundu na sisi, wakilinganisha watu waliopinda mwilini na ngoma yetu ya simbo. Wengine hawakubaliani. Lakini babu zetu tusiwataje kama watu waliokwisha. Katika vijiji vya Kwa Mtoro na Farkwa lugha yetu ya vidoko inasemwa leo asubuhi. Na pale Kisese, mwamba unaoitwa Kisese II ulichimbwa na watafiti 1956, zikapatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Kuna tabaka pale lina zaidi ya miaka 40,000.

Shangazi Mnenia
Beba maji mengi na kofia. Na karibu na miamba kuna nyuki, mafuta ya kunukia wasijipake.

Mwana wa Haubi
Wakuu, tumerudi juzi. Natoa mrejesho kwa waliosaidia.

Mungomi mama alipanda mwenyewe kwa fimbo, akikataa kushikwa. Alitangulia, akasema maneno yake kwa Kirangi kwa sauti ya chini, sisi tumesimama. Mdogo aliona twiga kabla ya mwongozaji hajamwonyesha. Fenga hatukufika, muda ulituishia.

Haubi tulifika saa tano. Mama hakuitambua njia kwa sababu ya miti. Alitambua korongo, lile ambalo lilikula nusu ya shamba la babu, na sasa limejaa vichaka hadi chini. Palipokuwa boma lao pana nyumba ya watu wengine, wakatukaribisha vizuri. Nyuma kuna banda, ndani ng'ombe mmoja wa maziwa. Mama akaomba panga, akaenda pembezoni mwa korongo, akakata majani matete, akarudi na mzigo kichwani, akamwekea. Akasimama pale mpaka ng'ombe alipomaliza. Tarangire tukaiahirisha, maana alitaka tulale.