Tupeane uzoefu: mlima ulikufikisha wapi mpaka ukajiuliza "hivi huku nimefuata nini?"

Ngosha_Mtembezi
Wakuu habari za wikiendi. Nimeona status za jamaa wanajiandaa kupanda Kilimanjaro ile ya tarehe 9 Desemba, nikakumbuka usiku wa Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kichwa kikaanza kugonga hapahapa kwenye kochi. Mimi pangu ni ile kokoto kabla ya Gilman's, kule kwenye ukingo wa juu kabla hujafika kileleni, unapiga hatua unarudi nusu, saa kumi alfajiri, maji kwenye chupa yameganda, ukiinua macho tochi za waliotangulia bado ziko juu kulee unatukana kimoyomoyo. Leteni zenu.

binti_wa_Pangani
Hapo Gilman's ndo nilipotapika chai yote. Naunga mkono hoja.

KichwaNgumu
Nyie wa njia ya Marangu mnalala kwenye vibanda vyenye vitanda halafu mnalia lia. Njooni njia ya Machame mlale hema, mpande ule ukuta wa Barranco kwa mikono, ndo tuongee.

Ngosha_Mtembezi
Mkuu punguza dharau. Marangu ndo inatoa watu nishai maana wengi wanachukua ile ya siku 5. Leo Horombo mita 3,720, kesho Kibo 4,700 na ushee, usiku huohuo unaamshwa uende kileleni 5,895. Mwili utazoea saa ngapi? Nyie mnapandishwa Lava Tower kisha mnashushwa mkalale Barranco, mnapewa muda.

KichwaNgumu
Visingizio.

Mama_Wawili
Ngoja niseme yangu ingawa sipendi kuikumbuka. Tulienda kundi la ofisini, kuna kaka mmoja tumwite Chuma, mtu wa jim huyo, siku ya kwanza anatuacha wote anatucheka. Usiku wa kilele tumetoka Kibo vizuri tumepita pango la Hans Meyer, mara naona anatembea kilevi, mguu kushoto mguu kulia. Namuuliza vipi kaka, ananiambia "Mbezi shusha". Nikacheka nikajua utani. Kidogo anavua glavu anafungua na zipu ya jaketi eti joto, joto lipi na baridi inakata masikio! Mwongozaji wetu akammulika usoni akamwambia gusa pua yako, kidole kikaenda shavuni. Yule mwongozaji safari nzima mpole haongei, hapo akawa mkali ghafla, unashuka sasa hivi. Chuma akagoma, nimelipa hela yangu bwana, wakakunjana kwenye mteremko gizani mimi nalia jamani jamani. Wakamkamata huku na huku wakateremka naye mbio kwenye kokoto. Baadaye ndo naelezwa ubongo unavimba kwa ajili ya ule mwinuko na dawa ya kwanza ni kushuka, sio kukaa upumzike. Sasa mchana tunafika Horombo tunamkuta anakula, anatuuliza mbona mmechelewa! Hakumbuki chochote, na mpaka leo analalamika alinyimwa cheti.

dogo_Arusha
MBEZI SHUSHA 😂😂😂 nimekufa

binti_wa_Pangani
Konda wa Kibo jamani. Ila dada pole, na wewe ulifika?

Mama_Wawili
Niliishia Gilman's. Cheti ninacho.

KichwaNgumu
Gilman's sio kilele.

Mama_Wawili
Njoo uniambie hivyo ukiwa pale saa kumi na mbili asubuhi.

Mgumu_wa_Marangu
Mimi ni mpagazi, sisi ndo mnatuita wagumu. Akina Chuma tunawaona kila wiki. Wa jim wanakimbia siku ya kwanza, bibi wa kizungu anatembea pole pole anafika kileleni Uhuru. Mizigo yetu mwisho kilo 20 kwa sheria za hifadhi, tunawapita njiani na mkifika chai iko tayari, halafu mteja analalamika haina moto. Ukiumwa sema mapema, ukificha unatupa kazi ya kukushusha kwenye kile kitanda cha tairi moja usiku.

dogo_Arusha
Tumieni supu ya kitunguu saumu wakuu, haijawahi niangusha.

Ngosha_Mtembezi
Supu ni supu tu. Muone daktari akuandikie Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, maji lita 3 kwa siku.

binti_wa_Pangani
Diamox na lita 3! Nilikojoa usiku kucha, kila nikitoka nje baridi inanisubiri. Kunywa kidogo kidogo. Na chupa igeuzeni kichwa chini, barafu inaanza juu, mdomo hauzibi. Simu lala nayo ndani ya soksi, la sivyo chaji inakata kabla ya picha.

Mwana_wa_Natron
Kili mnabebewa mizigo. Lengai, ule mlima wa volkano kule Natron, ni mita 2,900 na kitu tu, ila unapanda kwa mikono unashuka kwa makalio. Suruali yangu niliiacha kule.

KichwaNgumu
Huyu ndo mwanaume.

dogo_Arusha
Mwenye koti zito na kininja vya kukodisha Moshi mjini aje PM, mi naenda hiyo ya Desemba. Saizi L. Na nikisema Mbezi shusha, nishusheni kweli.