Kamera zimekaa hai siku tofauti Rungwe: nikate data, niache NA, au niweke siku kama kigezo?

Mwana_wa_Tukuyu
Wakuu, habari za jioni. Nina wiki mbili nimkabidhi msimamizi sura ya matokeo. Nilitega kamera msitu wa Rungwe, nakadiria okupansi (sehemu ya vituo ambavyo mnyama yupo, hata kama kamera haikumnasa) ya minde, yule swala mdogo wa misitu ya milimani. Nyingine zimemaliza muda wote, nyingine zilizima katikati. Nimeambiwa njia tatu: kukata zote zilingane na kituo chenye siku chache, kuacha siku ambazo kamera ilikuwa imezima kama NA (yaani hakuna data), au kuunganisha siku saba saba, kisha idadi ya siku ambazo kamera ilikuwa hai iwe kigezo cha ugunduzi, yaani cha uwezekano wa kamera kumnasa mnyama aliyepo. Ipi sahihi? Nataka kuamua wiki hii.

Uyole_79
NA. Modeli ya okupansi ya MacKenzie na wenzake ya 2002 inakubali mapengo tangu mwanzo. Siku isiyochunguzwa haiingii kwenye hesabu, basi. Ukikata utalia.

MpandaMlima
Mimi hukata. Kule Mwanihana, Udzungwa, mradi wa TEAM wa kufuatilia wanyama wa misitu ya tropiki ulianza 2009 na vituo 60, siku 30 kila kimoja, wakati wa kiangazi. Siku zikilingana hakuna wa kukuuliza maswali.

Bi_Takwimu
Kaka Mwana_wa_Tukuyu, hujatuambia kitu. Vituo vingapi? Ulipanga siku ngapi? Kamera za aina moja? Kilichozizima ni nini? Minde umempata vituo vingapi? Bila hayo tunapiga ramli.

MpandaMlima, ile siku 30 ilipangwa kabla ya kwenda msituni. Yeye anataka kutupa data alizokwisha kupata, ni jambo lingine. Tuseme mnyama ana nafasi ya 5% kupigwa picha kwa siku mahali anapoishi. Kwa siku 60 nafasi ya kumwona walau mara moja ni kama 95%. Kwa siku 9 ni 37%. Akikata zote ziwe siku 9, amejipofusha kwenye vituo vilivyofanya kazi vizuri.

Mwana_wa_Tukuyu
Samahani dada. Vituo 42, mpango siku 60, nilianza mwishoni mwa Oktoba na mvua ikanikuta. 19 zilimaliza, 14 ziliishia kati ya siku 20 na 45, 6 hazikufika siku 10, 3 ziliibwa. Aina mbili za kamera, za zamani na mpya. Minde vituo 8.

Uyole_79
Oktoba, Rungwe? Mvua za huko zinaingia Novemba na zinakwenda hadi Mei. Nani alikushauri?

Mwana_wa_Tukuyu
Kibali kilichelewa, mkuu.

Kihesa_porini
Ngoja nieleze yaliyonikuta, maana hujajibu swali kubwa: unajuaje kamera ilizima siku gani?

Miaka ya nyuma nilitega kwenye ukingo wa msitu na nyasi, upande wa Iringa. Nilipozitoa, kwenye fomu nikaandika tarehe ya kutega na ya kutoa. Nikaingiza hivyo hivyo, siku zote katikati zisizo na picha ya funo zikawa sifuri, yaani hakuonekana. Uwezekano wa kugundua ukatoka mdogo mno, okupansi ikapanda karibu na moja, na mimi nikafurahi kwamba funo wako kila mahali. Mwezi mzima nimeandika sura juu ya furaha hiyo. Ndipo mwenzangu akafungua kadi moja moja. Kamera kadhaa zilijaza kadi ndani ya siku chache kwa picha za majani yakitikiswa na upepo. Mbili saa zilijirudisha 1 Januari baada ya kubadilishiwa betri, kwa hiyo hata tarehe za wanyama zilikuwa uongo. Zile sifuri hazikuwa sifuri. Kamera ilikuwa imekufa, na mimi nilikuwa naiambia modeli kwamba funo hakupita. Nilirudia yote, na hadi leo naumia nikikumbuka.

Kwa hiyo kabla ya NA au siku saba saba, tengeneza jedwali la kila kituo na kila siku: hai au imezima. camtrapR, kifurushi cha R cha data za kamera, inakusaidia, lakini tarehe za kuzima unaipa wewe.

Bi_Takwimu
Nakubaliana kabisa. Baada ya hapo, kwa vituo 8 tu vyenye minde, siku moja moja zitakupa sifuri nyingi na modeli inaweza kugoma. Unganisha siku tano au saba, weka siku hai kama kigezo, na aina ya kamera pia. Ukiandika modeli mwenyewe kwenye JAGS (programu ya takwimu za Bayes), tumia kiungo cha cloglog na logi ya siku hai kama ofseti, yaani kigezo kisichokadiriwa mgawo.

Linalonisumbua ni zile 3. Ziliibwa wapi?

Mwana_wa_Tukuyu
Zote karibu na njia za miguu, chini.

Bi_Takwimu
Basi hapo ndipo watu wanapopita, na huenda minde hapakai. Ukiziacha tu, okupansi ya msitu mzima inaegemea juu. Hakuna njia kati ya zako tatu inayotibu hilo. Weka umbali kutoka njia kama kigezo cha okupansi, na liandike wazi.

MpandaMlima
Wezi ni wagema ulanzi. Kwetu ndio hao hao.

Uyole_79
Usiwasingizie watu. Ulanzi ni wa huko kwenu Iringa na Njombe. Rungwe wanaopita njia hizo wengi wanafuata kuni.

MpandaMlima
Sijasema Wanyakyusa ni wezi. Nimesema kamera ifungwe kwa mnyororo.

Kihesa_porini
Mnyororo haukusaidii kama betri ni za bei chee. Kwenye baridi ile tumia lithiamu. Za kuchaji zinaishiwa haraka zikiwa zimechoka.

Uyole_79
Lithiamu kwa kamera 42 mwanafunzi atazitoa wapi? Za kuchaji nzuri zinatosha, ilimradi usichanganye mpya na kuukuu.

Kihesa_porini
Mwana_wa_Tukuyu, kamera ziliwekwa zipige picha moja kila siku saa sita mchana, ili ujue siku hiyo ilikuwa hai?

Mwana_wa_Tukuyu
Hapana, sikujua. Nimeanza kufungua kadi za vile vituo 14. Niko ya tatu, majani tupu hadi picha ya mwisho, na tarehe yake inasomeka Januari.